Kuchora mkalamu kwa rangi za maji: njano ndiyo inatangulia

Niliharibu karatasi nne kabla sijapata mkalamu mmoja unaofanana na mkalamu, na tatu kati ya hizo ziliharibika kwa sababu nilisikiliza ushauri. "Acha kingo nyeupe, weka nyekundu katikati, njano utajazia mwishoni." Kila unayemuuliza anakwambia hivyo. Nina wasiwasi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulichora ua hili.

Kwa asiyelijua: mkalamu (Gloriosa superba) ni mmea wetu wa asili unaotambaa. Hapa Mwanza utafute vichakani, katikati ya mawe, mvua zikishakolea. Ua lina petali sita zilizopinduka kwenda nyuma kama ndimi za moto, kingo zimejikunja mawimbi; nyekundu katikati, njano pembeni na kwenye shina la petali.

Sasa ukianza na nyekundu, njano inayofuata inakuja na maji yake, na yale maji yanaiamsha nyekundu iliyokwisha kulala. Inateleza hadi ukingoni na unapata rangi ya chungwa chafu. Ukiogopa hilo ukaacha nafasi, unabaki na mstari mweupe kuzunguka kila petali. La kwangu la pili lilionekana kama kitambaa cha meza kilichodariziwa.

Karatasi ya nne ni ujinga wangu mwenyewe, simlaumu mtu. Ile dawa ya mpira ya kuziba sehemu usizotaka ziingie rangi sikuipata steshenari yoyote mjini, nikaona gundi ya kuzibia pancha za baiskeli si mpira vilevile? Nikaipaka kingoni kwa njiti ya kiberiti. Ikakauka vizuri, nyekundu ikapita juu bila kuvuja hata tone, nikajiona profesa. Kuibandua ndipo mambo yalipoanza: ilikuja na ngozi ya karatasi. Ukingo wote ukabaki na manyoya kama kifaranga, na pale ambapo karatasi haikuchanika pakabaki alama ya kahawia inayokataa rangi. Karatasi ilikuwa nyembamba pia, ile ya daftari la kuchorea. Nunua karatasi nene, ile inayoandikwa gramu 300. Ni ghali, elfu kadhaa kwa karatasi moja kubwa, lakini unaikata vipande vinne.

Kilichofanya kazi ni kupaka njano petali nzima, hata pale patakapokuwa pekundu. Njano ya limau, nyepesi kama chai ya rangi iliyotiwa maji. Nyekundu ikikaa juu ya njano inang'aa zaidi kuliko ikikaa juu ya nyeupe, kwa hiyo hupotezi kitu. Acha ikauke kabisa. Usiguse kwa kidole. Weka mgongo wa mkono karibu: ukisikia ubaridi, bado ina maji.

Kisha brashi mbili. Namba 6 inabeba nyekundu nzito, inaanzia mstari wa katikati na kuishia kama milimita tatu kabla ya ukingo. Ya pili ni safi, yenye unyevu tu, inavuta ule mpaka wa nyekundu kwenda nje mpaka upotee. Ya pili ifute kwenye tishu mara mbili. Ikiwa na maji mengi, maji yanakimbilia palipo pakavu zaidi, yanasukuma rangi na kuitupa pembeni, na petali inaota madoa yenye kingo za mikunjo kama koliflawa. Kivuli cha mikunjo changanya nyekundu na kijani kidogo. Nyeusi ya kwenye tyubu inaua ua.

Fanya asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unakukaushia rangi ukiwa nusu ya petali, na ule mstari haufutiki.

Stameni, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua, ni sita na zimetawanyika kama mbavu za mwavuli. Lakini kile kijiti cha kike kinachotoka kwenye ovari kimepinda pembeni, karibu pembe mraba. Anayekisimamisha katikati ya ua amechora kwa kukumbuka. Picha ya simu nayo inadanganya: nyekundu inaungua, mikunjo yote inapotea. Chora ua lenyewe: kata kipande cha mmea pamoja na tawi ulilolishikilia, la sivyo unalegea mezani. Nawa mikono, na usichonge ncha ya brashi kwa mdomo: mmea wote una kolchisini, ni sumu, na viazi vyake ndivyo hatari kuliko vyote.

Majani yasubiri petali zikauke. Kijani kibichi kikigusana na nyekundu mbichi unapata tope la mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa. Ncha ya kila jani ni kikono kilichojisokota. Kipige kwa brashi namba 1, pumzi moja. Ukisita kinatetemeka.

Na usipake maua yote rangi moja. Likichanua ni kijani chenye njano, nyekundu inakuja baadaye, na likizeeka linakaribia rangi ya mvinyo. Tumia nyekundu mbili, moja inayoelekea chungwa na moja inayoelekea zambarau. Kwenye picha yangu, ua la chini nililiacha changa, halina nyekundu hata kidogo. Kila mgeni anauliza kama nilisahau kulimalizia.