Simu ya Msalato

Jumapili, saa nne usiku

Nimepigwa shoti na simu. Tena simu isiyo na betri wala waya wa ukutani, na aliyenifanyia hivyo ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, ambaye alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Naandika usiku huuhuu, kabla sijaanza kuitia chumvi.

Nilinunua jana Msalato. Watu wengi wa Dodoma wanaokwenda mnadani Jumamosi wanafuata nyama. Mimi huanzia kule wanakotandika sandarusi chini: spana zilizolika, mapasi ya mkaa, chaja zilizokatika shingo, redio za mbao zisizo na matumbo. Katikati ya hayo kulikuwa na kisanduku cha bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, cha rangi ya kahawia, kizito kuliko kinavyoonekana, kina mkanda wa kubebea begani. Nikafungua kifuniko. Ndani umelala mkono wa simu wenye kitufe cha kubonyeza unapoongea, na ubavuni kuna kishikio cha kuzungushia.

"Hiyo simu ya jeshi la Mwingereza," muuzaji akaniambia bila kuulizwa. "Ya wale wa karanga, Kongwa. Ukimpelekea Mzungu anakupa milioni."

Basi mpelekee wewe, nilitaka kumjibu. Lakini jina la Kongwa, hapahapa mkoani Dodoma, lilishaniingia. Nimekulia kwenye hadithi za ule mpango wa karanga: Waingereza kuja mwaka 1947 kutaka kulima mamilioni ya ekari, kuajiri askari waliotoka Vita Kuu ya Pili, kununua matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Mibuyu ikagoma, udongo ukakauka kama saruji, mvua ikafanya ilivyozoea kufanya huku kwetu, na mwaka 1951 wakafunga virago. Mpango ulioendeshwa kwa masazo ya vita, nikajiambia, usingekosa simu za vita. Alianzia 60,000, tukamalizana kwa 25,000.

Pembeni kulikuwa na kidude kingine cha kijeshi, dira au kipimo fulani, chenye rangi ya manjano iliyochakaa kwenye tarakimu zake. Hicho nilikirudisha chini taratibu na kupangusa vidole kwenye suruali. Vipimo vingi vya zamani vilipakwa rangi yenye radiamu ili vionekane gizani. Si redio ya taarifa ya habari, ni elementi yenye mionzi. Rangi huacha kung'aa baada ya miaka michache, lakini mionzi yenyewe huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Muuzaji alinishangaa: nimeacha cha elfu tano nikachukua cha ishirini na tano.

"Kaifunge," akasema akinipa kiroba. "Usitembee nayo wazi." Nilimwelewa. Hakuna aliyesahau Agosti 2023, Jeshi la Wananchi lilipotoa siku 7 kwa raia kusalimisha sare na nguo zinazofanana nazo. Hii si nguo, lakini njia nzima ya kurudi mjini nilikipakata kile kiroba kwenye daladala kama mtu aliyebeba kuku wa wizi. Nilipofika tu nilimpitia mwenyekiti wa mtaa. Akaigeuza, akatafuta alama yoyote ya jeshi letu, hakuna. Akaniuliza kama inashika intaneti.

Usiku nikakaa nayo mezani na mswaki wa zamani. Vumbi la Dodoma lina tabia ya kuingia hata palipozibwa, likishaingia linajiona mwenyeji. Lilipotoka, kikaonekana kibao kimeandikwa TA-57. Herufi za kawaida kabisa, unazisoma bila shida, na hapo ndipo muuzaji alipodanganyika, na mimi pia kwa dakika kama kumi. Mpaka nilipofika kwenye vile viskurubu viwili vya kufungia waya. Pembeni mwa kila kimoja kuna herufi iliyokaa kama hema lililofunguliwa mlango: Л1, Л2. Hiyo si herufi ya Kiingereza. Ni L ya Kirusi, ya neno lao la laini. T na A ndizo zilizonichezea, kwa sababu zinaandikwa vilevile huku na kule.

Kwa hiyo simu ni ya Kisovieti, na 57 ni mwaka wa muundo wake, 1957. Wenye karanga walikuwa wameondoka miaka sita kabla. Hadithi ya muuzaji ikafia hapo mezani kwangu, mimi nikiwa na mswaki mkononi.

Nitasema ukweli, sikuhuzunika. Nilikuwa tayari na nyingine, tena tamu kuliko ya kwanza, na ilikuwa hapohapo Kongwa. Kuanzia mwaka 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe. Na silaha na vifaa vya wapiganaji wale vilitoka sana nchi za Kisovieti. Unaona inavyojipanga yenyewe? Nilianza hata kuwaona: kijana wa Msumbiji amechuchumaa chini ya mbuyu, anazungusha kishikio, upande wa pili mwenzake anaitika. Nilikuwa nimeshachagua pa kuiweka sebuleni.

Kisha nikageuza kisanduku kutafuta namba ya kiwandani. Nikaikuta, na pembeni yake mwaka: 1982.

Nilikaa kimya kwa muda. Msumbiji na Angola zilipata uhuru 1975, Zimbabwe 1980. Yule kijana wangu wa chini ya mbuyu, kama angekuwepo, simu hii ilipotoka kiwandani angekuwa kwao, ana watoto. Nilijikuta nakagua tena ile 8 kwa kioo cha kukuzia, nikiiomba iwe 6. Haikuwa.

Nilipokuwa naifuta kwa mara ya mwisho nilale, ndipo nikaona maandishi ndani ya kifuniko. Penseli, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa kukandamiza: UKIMALIZA KUONGEA ZUNGUSHA TENA.

Kiswahili. Lakini ukimaliza kuongea uzungushe tena kwa nini? Umeshamaliza!

Leo baada ya ibada nikaibeba, bado ndani ya kiroba, mpaka kwa mzee mmoja jirani na shemeji yangu, fundi simu wa reli aliyestaafu. Nilimkuta barazani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umeniletea kuku?" Nikaifungua. Hakuuliza ni ya nani wala ya vita gani. Aliishika kama mama anavyoshika mtoto wa jirani, kwa mazoea, akazungusha kishikio taratibu, akasikiliza. "Magneto nzima. Hebu shika hizi mbili." Nikashika viskurubu viwili kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akazungusha kwa nguvu.

Huko ndani kuna sumaku na koili, ni dainamo kama ya baiskeli tu, ila yenyewe inatoa makumi ya volti, za kutosha kupiga kengele kilomita nyingi kutoka hapo. Betri haihusiki na kengele kabisa. Betri ni ya sauti. Hii inataka volti 10, na betri za namna yake hazipatikani dukani, kwa hiyo tuliunga betri 7 za rimoti kwa gundi ya karatasi, zikatoa 10.5. Mzee akabonyeza kitufe, akapuliza. Akanipa na mimi. Nikapuliza, nikasikia pumzi yangu inarudi sikioni, nyembamba, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

Nikamwonyesha maandishi. Aliyasoma, akacheka, safari hii kidogo.

"Huyu alikuwa anafundisha watu wabishi," akasema. "Simu za namna hii hazina namba. Unazungusha, kule kwa opereta kunaanguka kifuniko kidogo kwenye ubao, anajua ni wewe. Anakuunga na unayemtaka. Sasa ukimaliza, usipozungusha tena, yeye atajuaje umemaliza? Atakuacha umeungwa hapo mpaka kesho, na wengine wanasubiri laini." Alisema kwenye vituo vidogo waligombana sana kwa jambo hilo. Watu walikuwa wanaweka mkono wa simu chini na kuondoka zao. Mwenye penseli alikuwa amechoka kusema kwa mdomo.

Nilimweleza habari ya Kongwa, karanga na kambi na yote. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. "Inawezekana ilikaa stoo tu," akasema.

Tatizo ni kwamba simu ni moja, na simu moja ni sawa na kiatu kimoja. Mzee akafikiri, akaingia ndani, akatoka na kipande kirefu cha waya na bisibisi. Ana simu ya mezani ya zamani, ile ya kuzungushia namba kwa kidole, iko sebuleni kwenye kitambaa cha kufuma ingawa laini yake ilikatwa miaka mingi iliyopita. "Kengele yake inapenda umeme kama wa magneto," akasema. Tuliunga waya wa kwanza Л1, wa pili Л2, tukaupitisha dirishani. Akanipa heshima ya kuzungusha.

Sikuitegemea sauti ile. Kengele ya chuma, nzito, ilijaza nyumba nzima na kutokea uani. Kuku wakaruka. Nikazungusha tena.

"Jamani, simu!" ikaja sauti ya mama mwenye nyumba kutoka jikoni. "Hamsikii simu inaita?"

Mzee akaniwekea kidole mdomoni. Tukamsikia anakuja kwa haraka, kandambili zinapiga sakafu, akapita dirishani anafutia mikono kwenye khanga, akanyanyua mkono wa simu.

"Haloo," akasema. "Nani mwenzangu?"