Siku moja na Mama LUKU wa Tandika

Kwenye fomu ya shule ya mwanangu kuna mstari wa "kazi ya mama". Karani akisikia "mama wa nyumbani" huchora kistari tu, akahamia kwa baba. Sibishani naye. Ila wapo wengi wenye mawazo kama yake, wanaoamini tunashinda tunasukana na kuangalia tamthilia za Kituruki. Tamthilia naangalia, sikatai, lakini mikono iko kwenye ungo wa mchele. Basi niwape siku yangu moja ya Julai hii, katikati ya mwezi, siku isiyo na shughuli wala msiba.

Nakaa Tandika, wilaya ya Temeke, nyumba ya kupanga. Korido katikati, vyumba kulia na kushoto, choo na bafu uani, mita moja ya umeme kwa wapangaji sita: sisi, kinyozi, mama lishe, mwalimu wa sekondari, mlinzi wa usiku, na kijana mmoja mwenye friji anayeuzia watoto wa mtaa barafu za ukwaju na ubuyu. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeonekana nyumbani muda wote, nimekabidhiwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nakusanya hela, nanunua umeme, nabonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita, naandika kwenye kaunta buku nani katoa na nani kaahidi. Mshahara wake ni kuitwa Mama LUKU.

Saa kumi na nusu alfajiri. Maji. Mtaani kwetu yanakuja kwa zamu, na zamu yetu hupenda kuja watu wamelala. Bomba linaanza kwa kutoa upepo, kisha maji mekundu ya kutu, kisha ndiyo yanatakata. Wageni wa kazi hii wanajaza ndoo ya kunywa kwanza. Mimi ya kutu naelekeza pipa la chooni, yanayofuata ya kufulia, na ya kunywa nakinga mwishoni, yakishakuwa meupe, halafu nachemsha. Nikiwa na ndoo mkononi nilipita chini ya mita nikaona ile taa nyekundu inapepesa mbio mbio. Taa ile hupepesa kadiri umeme unavyotumika. Alfajiri, feni zimezimwa kwa kipupwe hiki, nani anavuta umeme wote huo? Nikaliweka swali kichwani nikaendelea kukinga maji.

Saa kumi na mbili. Uji, sare, soksi moja haipo, mume anauliza chaji yake ya simu iko wapi na ameishika. Wakaondoka, watoto shule, yeye na bajaji yake.

Kutoka hapo mpaka saa nne nilifagia uwanja, nikaosha vyombo, nikafua, nikaanika, nikadeki korido ambayo ni zamu ya mtu mwingine.

Saa nne. Gesi. Mtungi wetu ni wa kilo sita, na kila siku swali ni lilelile, imebaki kiasi gani? Kuutikisa hakusaidii. Mwagia maji ya moto ubavuni, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kushuka chini. Pale joto linapoishia na ubaridi kuanza, ndipo gesi ilipofika, kwa sababu gesi ya majimaji iliyomo ndani inalivuta lile joto haraka kuliko sehemu iliyo tupu. Yangu ilikuwa vidole vitatu kutoka chini. Kwa hiyo gesi ikabaki ya chai, na maharage niliyoyaloweka usiku nikayabandika kwenye jiko la mkaa. Mkaa nao kopo la juu ni mapande, la chini ni vumbi, na muuzaji anakuapia kwa Mungu kwamba ni gunia lilelile. Nikaenda sokoni kwa nyanya, vitunguu na nazi, nikarudi.

Saa saba na dakika kama kumi, feni ya mlinzi ikanyamaza.

Najua ilianza yake kwa sababu yeye hulala mchana, na feni yake inakereza. Kabla sijasimama nikasikia kutoka chumbani kwa mama lishe, "Mama LUKU, wamekata au umeisha?" Swali hilo ninaulizwa kuliko salamu. Redio ya nyumba ya pili ilikuwa inaimba, kwa hiyo hawajakata. Nikaenda kwenye mita: sifuri.

Hapo akatoka kijana wa friji, simu mkononi, kikokotoo kimeshafunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mdogo wangu."

"Mimi sina neno na wewe, ila hesabu hazikai."

Mtu akianza na "sina neno", jua analo. Nikavuta kigoda nikakaa, maana nilijua hili haliishi nikiwa nimesimama.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Tarehe moja tulichanga 40,000. Vyumba vitano 5,000 kila kimoja, yeye 15,000 kwa ajili ya friji. Nikanunua, zikaja uniti 108. Yeye kwa kikokotoo chake amepata 112. "Uniti nne ziko wapi mama?" Akauliza kwa upole kabisa, ule upole wa mtu anayekuita mwizi huku akikuamkia.

Nikamfungulia kaunta buku, ukurasa niliobandika risiti. Nikamwambia tarehe moja siyo siku ya kawaida kwenye LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye umeme. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua wa kwanza katika mwezi ndiye anayekatwa. Kwa hiyo 40,000 yetu ilinunua umeme wa 38,500. Hiyo 1,500 kwa haki ni ya mwenye jengo, siyo yetu, nami ninaiandika kila mwezi ili aipunguze siku ya kulipa kodi ya vyumba. Uniti nne zako ndizo hizo.

Akagawanya. Akanyamaza kidogo. Nikadhani tumemaliza, nikainuka nikaangalie maharage.

"Sasa mama, mbona dada yangu yuko Mbagala, kwa 9,150 anapata uniti 75? Wewe kwa 40,000 unaleta 108."

Nikarudi kwenye kigoda.

Dada yake hasemi uongo. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti moja kwa shilingi 100. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3, ya EWURA wanaodhibiti nishati na maji asilimia 1, inakuwa 122. Zidisha kwa 75, ni 9,150 kamili. Akivuka hapo, uniti za ziada anauziwa 350 kabla ya makato. Sisi tuko kundi la kawaida, 292 kwa uniti, na makato yaleyale inafika 356 na senti. Dada yake ana taa tatu na televisheni. Sisi ni kaya sita kwenye mita moja, na friji la biashara juu yake. Tukitaka bei ya Mbagala, tuzime kila kitu tuwashe vibatari.

"Friji langu dogo," akasema. "Halili umeme."

Hapo ndipo aliponichosha kweli, maana kila mwenye friji Dar es Salaam anasema lake halili umeme. Nikamwambia tuingie ndani. Nikatoa noti ya elfu moja, nikaibana kwenye mlango wa friji nusu ndani nusu nje, nikaufunga, nikaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka yenyewe. Mlango ukiwa mzima noti inagoma. Raba imelegea, ubaridi unavuja mchana na usiku, mashine haipumziki, na kila mtoto anayekuja na shilingi mia anafunguliwa mlango mpaka achague rangi ya barafu.

Akasema, "Basi na noti yangu je?" Tukajaribu na yake. Ikatoka pia.

Kwa kelele zetu mlinzi akatoka, msuli kiunoni, macho mekundu. Akauliza kwa nini tunampigia kelele mtu aliyekesha. Nikamwambia shemeji, samahani, ila na wewe nina swali lako, alfajiri ukirudi kutoka kazini unaoga maji gani?

"Ya bomba."

"Ya moto au ya baridi?"

Akaangalia paa. Mama lishe, aliyekuwa anatwanga vitunguu saumu kimya kimya muda wote, akacheka mpaka mchi ukamponyoka. Hita ipo, ile ya kuning'iniza kwenye ndoo, na makubaliano yetu tangu mwanzo ni kwamba hita na pasi zina mchango wake. Akajitetea kuwa ni dakika chache tu. Nikamweleza kwamba taa moja ya wati 9 inaweza kuwaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize uniti moja. Hita ya wati 1,500 inaimaliza kwa dakika 40. Na yeye anachemsha akirudi, anachemsha akienda, na sare lazima ipigwe pasi isimame. Sikumgombeza. Mtu amesimama getini kwa watu usiku kucha kwenye baridi, maji ya moto ni haki yake. Alipie tu.

Wanaodhani kazi ya nyumbani ni ufagio na mwiko, hiki ndicho wasichokiona. Mikono inachoka, lakini mikono hulala ikaamka. Kichwa ndicho kina uniti, kina tarehe ya gesi, kina zamu ya maji, kina soksi, kina nani anadaiwa na nani ukimdai atanuna wiki nzima. Na unatakiwa uvijibu vyote kwa sauti ya kawaida, vinginevyo unaambiwa una gubu.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Watoto walikuwa wamesharudi, wamejipakulia maharage yasiyo na nazi kwa sababu nazi ilikuwa bado inasubiri mbuzi ya kukunia. Nikapitisha mchango. Sisi 2,000. Mama lishe 2,000. Mwalimu akatuma 2,000 kwa simu bila swali hata moja, Mungu ambariki. Mlinzi 3,000 bila kuniangalia usoni. Kinyozi hapokei simu. Kijana wa friji, baada ya kikokotoo, na Mbagala, na noti mbili, akatoa 1,000, akasema nyingine barafu zikiuzika. Jumla 10,000, nikanunua.

Hela ikakatwa papo hapo. Namba hazikuja.

Nikasubiri. Nikakuna nazi nikisubiri, nikaanua nguo nikisubiri. Kila dakika kichwa kinachungulia mlangoni, "Mama LUKU, vipi?" Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki, nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, simu ikakata yenyewe. Kijana wa friji akawa anapita koridoni ameshika beseni, barafu zimeanza kulainika, anazigawa bure kwa watoto kabla hazijawa juisi. Wangu wakala mbili mbili, wakakataa chakula cha jioni.

Ujumbe ukaingia giza limeshaingia. Nikapanda kigoda na tochi ya simu mdomoni, mwanangu mkubwa ananisomea namba nne nne, mama lishe anarudia kwa sauti kama mwitikiaji wa kaswida, mimi nabonyeza. Tarakimu ya mwisho, mita ikafikiri, ikakubali. Uniti 28. Feni ikaanza kukereza, na mlinzi alikuwa ameshaondoka kwenda kazini ameiacha imewashwa. Nikapiga kelele nyumba nzima mwenye ufunguo wa akiba wa chumba kile ni nani. Ni mimi.

Mume akarudi, akala, akauliza kama ile soksi ilipatikana. Ilipatikana, ilikuwa ndani ya kiatu. Nikaandika kwenye kaunta buku: mlinzi, kuanzia mwezi ujao 10,000. Friji, raba kabla ya tarehe moja, la sivyo 20,000. Kinyozi, 2,000, asubuhi na mapema kabla hajatoka.

Nilikuwa nimeshazima taa, mdogo akasema, "Mama, mwalimu kasema kesho kila mtu aende na fagio la chelewa."

Ameambiwa lini? Ijumaa.

Dukani kwa mangi kulikuwa kumefungwa. Nikatoka uani na kisu, nikalifungua fagio letu, nikagawa chelewa mafungu mawili, langu nikalifunga kwa kamba, la shule kwa mpira wa bajaji uliochakaa. Yote mawili membamba. Mwalimu akiuliza, mtoto amwambie aje Tandika achukue nusu iliyobaki, ila aje saa kumi na nusu alfajiri, na ndoo yake.