Dodoma haina bahari, lakini tunateleza

Wana Dodoma, nimetoka kuteleza na sketibodi, ule ubao wa magurudumu, pale Nyerere Square, furaha yangu haielezeki! Mji wetu hauna ufukwe, ila sakafu ngumu na ukingo wa zege vinatosha. Kwani hata Southbank, London, kando ya mto Thames, vijana wanafuata zege tu. Wanateleza chini ya jengo la Queen Elizabeth Hall tangu miaka ya 1970. Ulipokuja mpango wa kuweka maduka hapo waligoma, wakapigania, na 2014 ikakubaliwa wabaki. Habari hiyo inanipa moyo sana.

Kwetu adui ni kokoto. Gurudumu dogo na gumu, la milimita 52 hivi, likigonga kokoto linakwama ghafla, ubao unasimama, wewe unaendelea mbele. Kwa barabara zetu chukueni makubwa na laini. Beringi nazo zisafisheni mara kwa mara, maana vumbi la kiangazi halina huruma.

Halafu jamani, tukiona wazee au kina mama na watoto, tushuke, tutembee. Mwenye magurudumu ya ziada anitumie ujumbe, kuna mdogo wetu wa Chang'ombe ana ubao mtupu.