Eli Alimdhania Amelewa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno letu wiki hii ni 1 Samweli 1:9-18, lakini naomba tupitie kwanza kwa Waingereza kidogo.

Wana kitenzi chao, "deem", ambacho wengi wetu tumekutana nacho kwenye mikataba na barua za ofisini. Siku hizi maana yake ni kuona tu, au kuhesabu kwamba jambo liko hivi. Zamani kilikuwa kizito. Katika Kiingereza cha kale, "deman" ilikuwa kutoa hukumu, na kimetoka shina moja na "doom", neno lililokuwa na maana ya hukumu yenyewe. Injili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza hicho, zaidi ya miaka 900 iliyopita, zilitumia kitenzi hicho hicho kwenye Mathayo 7:1: msihukumu, msije mkahukumiwa.

Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mahakimu wa mahakama kuu wanaitwa "deemster" mpaka leo. Kiapo chao nakipenda sana. Wanaapa kuamua kati ya mtu na mtu bila kuegemea upande, kama uti wa mgongo wa samaki aina ya heringi ulivyo katikati ya mwili wake. Wavuvi hao!

Basi neno limeshuka kutoka kiti cha hakimu hadi kwenye mawazo ya mtu yeyote. Hukumu imebaki, ila kiapo hakipo, shahidi hayupo, na mshitakiwa hana habari kwamba kesi yake imeshakwisha.

Sasa twende Shilo. Eli ameketi kitini pake penye mwimo wa hekalu. Si kuhani tu: 1 Samweli 4:18 inatuambia aliwaamua Israeli miaka arobaini. Huyu ni mtu wa kesi, amezoea kusikiliza pande mbili. Anamwona mwanamke aitwaye Hana akiomba, midomo inacheza, sauti haisikiki. Biblia yetu inasema akamdhania amelewa. Hakumwuliza kama anaumwa au amefiwa. Alianza na "Utakuwa mlevi hata lini?" Hata lini! Maana yake ameshampa na historia ya ulevi.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni sura ya pili. Wanawe Hofni na Finehasi walikuwa wakinyang'anya nyama za dhabihu na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, na mzee alikuwa na habari zote. Hao aliwasemesha kwa maneno tu, hakuwazuia, na Mungu alimhesabia jambo hilo (3:13). Mgeni anayeomba kakemewa papo hapo. Watoto wa nyumbani wakavumiliwa. Nadhani hili tunalijua makanisani kwetu. Binti aliyekuja na nguo isiyotupendeza anasemwa kabla ya wimbo wa kwanza kuisha, na mzee wa kanisa mwenye deni la kila mtu anaongoza maombi.

Lakini tumtendee haki Eli naye. Hana alijibu kwa adabu: "Hasha, bwana wangu," akaeleza kwamba hakunywa divai wala kileo, bali alikuwa akiimimina roho yake mbele za Bwana. Eli hakubishana wala kulinda heshima ya kiti. Alifuta maneno yake pale pale kwa kumbariki, aende kwa amani, Mungu ampe alichoomba. Ni wangapi wetu tungeweza, tena mbele ya mwanamke tuliyemwita mlevi?

Mabaharia waliokuwa na Paulo nao walidhani, usiku wa manane, kwamba nchi kavu i karibu (Matendo 27:27-28). Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "deem" hapo. Ila wao walipima maji, wakapata pima ishirini, wakasogea, wakapima tena, kumi na tano. Ndipo wakatia nanga.

Kuna mtu ambaye wewe na mimi tumeshamaliza kesi yake. Kabla ya Jumapili, tumtafute tumsikilize.