Bwawa la kijani baada ya baridi

Turubai la bwawa la kuogelea likishavuliwa, harufu ndiyo hutangulia. Ngazi inaonekana hadi kidato cha pili tu, na chini kuna kitu laini ambacho hakuna anayetaka kukikanyaga. Hapo mtu hupata mawazo mawili ya haraka: kumwaga maji yote aanze upya, au kumimina ndoo nzima ya klorini akalale. Yote mawili yanaweza kumgharimu.

Baada ya majira ya baridi udongo huwa umeshiba maji, na maji hayo ya ardhini husukuma bwawa kutoka chini. Uzito wa maji yaliyomo ndani ndio unaolishikilia. Likiachwa tupu, bwawa la zege au la faiba linaweza kuinuka na kupasuka. Lile lenye bitana ya plastiki nalo lina balaa lake: bitana hukauka, hunywea, huachia kwenye kona, na mara nyingi hairudi tena mahali pake. Kwa hiyo maji ya kijani yabaki, hata yakichukiza.

Klorini nayo haichagui. Ikikuta majani yanayooza itapambana na majani, na mwani utabaki ukiogelea. Kuitia kabla ya kutoa uchafu ni kutwanga maji kwenye kinu. Kazi kubwa kuliko zote ni ya wavu. Mvua iliyotuama juu ya turubai hutolewa kwa pampu ndogo kabla turubai halijavutwa, la sivyo uozo wote unaishia ndani. Kisha wavu wenye mfuko mrefu hupitishwa polepole sakafuni, ukivutwa kuelekea kwako na kuinuliwa bila kutikiswa. Tope likitibuka, acha litulie hadi kesho yake, urudie. Usitumie kifyonzi katika hatua hii: majani hunasa ndani ya bomba, na kuyatoa humo ni adhabu.

Kabla ya kuwasha pampu, maji yafike katikati ya mdomo wa skima, yaani kisanduku cha ukutani kinachovuta uchafu wa juu ya maji. Vizibo vyote vilivyotolewa wakati wa kufunga bwawa virudi mahali pake. Mpira wa mfuniko wa pampu upakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka huharibu aina nyingi za mpira. Jaza maji kwenye kikapu cha pampu, funga, washa. Isipovuta ndani ya dakika chache, zima, maana pampu inayozunguka kavu huunguza sili yake. Mara nyingi kosa liko kwenye mfuniko huohuo unaopitisha hewa, na mapovu yasiyokoma kwenye matundu ya maji yanayorudi ndiyo ushahidi. Mkono wa valvu ya chujio usigeuzwe kamwe pampu ikiwa inafanya kazi.

Chujio la mchanga likiwa safi, soma geji ya presha na uandike namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tangi. Ikipanda kwa baa 0.5 hadi 0.7, lisafishe kwa kurudisha maji nyuma mpaka kioo kionyeshe maji safi, kisha suuza kwa nusu dakika. Bwawa la kijani linaweza kudai hivyo zaidi ya mara moja kwa siku mwanzoni. Ni kawaida.

Sasa vipimo. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hupimwa na kurekebishwa kwanza, kwa sababu klorini ikishapita miligramu 10 kwa lita, kipimo cha pH cha rangi huanza kudanganya. Lenga 7.2. Katika maji yasiyo na asidi ya sianuriki, kwenye pH hiyo karibu theluthi mbili ya klorini huwa katika umbo linaloua. Kwenye 8 ni kama robo tu. Asidi ya sianuriki huikinga klorini na jua, lakini pia huifunga mikono, kwa hiyo kiwango cha klorini hutegemea kiasi chake. Kanuni inayofaa ni asilimia 40: sianuriki ikiwa miligramu 30 kwa lita, klorini ishikiliwe kwenye 12, ikiwa 50, kwenye 20. Ikifika 100, nafuu kubadilisha sehemu ya maji kidogo kidogo kuliko kununua klorini isiyo na mwisho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Kulifikisha 12 kunahitaji gramu 576 za klorini, yaani karibu lita 6 za klorini ya maji ya asilimia 10. Imimine jioni, pampu ikizunguka, mbele ya tundu la maji yanayorudi. Ile ya mwaka jana iliyokaa stoo imeshapungua nguvu, usiihesabu kama mpya. Usichanganye klorini na asidi, wala klorini za aina mbili, hata kwa kutumia kijiko kimoja: gesi yake inaua, na unga na vidonge vikikutana vinaweza kuwaka moto.

Wakati mwingine klorini inatiwa na baada ya nusu saa haipo kabisa. Ikiwa sianuriki nayo imepotea tangu bwawa lilipofungwa, huenda bakteria wameila na kuacha amonia. Hapo dawa ya mwani haisaidii kitu. Ongeza klorini hadi 10, pima baada ya dakika kumi, rudia mpaka ianze kukaa. Lakini angalia: kipimo kinachogeuka waridi kinaweza kuchujushwa na klorini nyingi kikaonekana hakina rangi, kama sifuri. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na nne za maji yaliyotoneshwa (distilled), pima, zidisha kwa tano.

Kiwango kikishapatikana, kishikilie kwa kupima asubuhi, mchana na jioni. Na brashi kila siku. Naiamini brashi kuliko chupa yoyote ya dawa ya mwani, kwa sababu mwani hujifunika ute ambao klorini huupenya kwa shida. Pita nyuma ya ngazi, chini ya ulimi wa skima, na kwenye shimo la taa, umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu. Huko nyuma ya taa hujificha mwani unaorudisha ukijani wiki moja baadaye, watu wakalaumu klorini.

Maji yakigeuka kijivu au kama maziwa, mwani umekufa na sasa ni zamu ya chujio. Mashapo ya chini yafyonzwe na kutupwa nje moja kwa moja bila kupitia chujio, huku bomba likijaza maji. Yakibaki kijani lakini angavu, kiasi cha kuona sakafu, huenda si mwani bali shaba au chuma. Kuongeza klorini hapo ni kuongeza tatizo.

Utajua umemaliza kwa kipimo cha usiku: pima jua likishazama na kabla halijachomoza. Klorini isipungue zaidi ya 1, ile iliyokwisha kufungwa na uchafu isizidi 0.5, na maji yawe safi. Kisha rekebisha alkalini, ile inayozuia pH isiyumbe, ibaki kati ya 80 na 120. Katika bwawa hilo la mfano, gramu 800 za bikaboneti ya soda huipandisha kwa 10.

Kuogelea kungoje klorini ishuke, na kifuniko cha tundu la kutolea maji chini kionekane wazi ukiwa ukingoni. Kikague skrubu zake. Kikiwa kimelegea au kimepasuka, bwawa libaki limefungwa hata maji yawe angavu namna gani, kwa sababu mvuto wa pampu unaweza kumshikilia mtoto chini.