Kenchi Zilizokuja na Lori

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kupaua wa zamani: kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba bati, unaikata kulekule juu ya ukuta, mbao kwa mbao, ukifuata nyumba ilivyokaa. Kwa hiyo mwaka 2014, lori liliposhusha pale Ipuli, Tabora, kenchi zilizoundwa tayari Dar es Salaam, alizizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe asiyeridhika na bei. Zilikuwa za msonobari, mbao zina ule ukijani wa dawa, na kila kiungo kimebanwa kwa kibati chenye meno badala ya misumari.

"Haya meno ndiyo yabebe paa zima?" akauliza.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, hakutaka mjadala. "Fundi, hela nimeshatoa. Wewe pandisha."

Paa lenyewe lilikuwa la kuangukia pande nne, na hapo ndipo ugumu ulipo. Paa la pande mbili kenchi zake zote ni sare. La pande nne, kenchi kamili ni zile za katikati tu. Nyumba ilikuwa mita 12 kwa 8, na kwa kuwa mwinamo ulikuwa sawa pande zote, mgongo wa juu ulibaki mita 4: chukua urefu, toa upana. Ukivuka mgongo kuelekea ukuta wa mwisho, kenchi zinakatwa vichwa, kila moja fupi kuliko mwenzake, hadi ile ya chini kabisa. Hiyo mbao zake ni nene, imepigwa mbili pamoja, maana ndiyo inayobeba vikenchi vidogo vinavyoshukia ukutani. Kila kipande kilikuwa na namba, na mchoro ulikuja kwenye bahasha ya kaki.

Mjomba hakugusa kenchi hata moja siku ile. Alipanda na tepu, mimi nikashika ncha, tukapima kona kwa kona. Nyumba ya 12 kwa 8 iliyokaa mraba inasoma mita 14.42 huku na huku. Sisi tukapata 14.46, tukahamia kona nyingine: 14.38. Tukarudia, kwa sababu upepo wa alasiri ulikuwa unaipeperusha tepu. Zilezile.

Fundi aliyejenga kuta alikuwa ameshalipwa na kuondoka. Kuta zake zilisimama wima kwa timazi, hilo simnyimi, ila nyumba ilikuwa imelala upande, pembe zake si za mraba. Kenchi za kukata mwenyewe zingemezea. Unapunguza hapa, unaongeza pale. Za kiwandani hazina huruma hiyo. Mbao ya kona isipoangukia kona, bati zote za upande ule zitakatwa mshazari, na kila mpita njia ataona.

Mjomba akakaa juu ya lenta, penseli sikioni, akapiga hesabu kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Kuta fupi zilikuwa zimekengeuka kama sentimita 5 kutoka kona hadi kona. Akafunga kamba mpya iliyo mraba wa kweli, kisha mbao za kulalia kenchi tukazipigilia kwa kufuata kamba, ukuta tukauacha na mambo yake: kona moja mbao imeingia ndani sentimita mbili na nusu, kona ya pili imetoka kiasi hichohicho. Paa lilikuwa linatokeza nje sentimita 60, nani angeona?

Kupandisha kulikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Unaibeba kenchi ikiwa imesimama, kamwe usiilaze bapa, maana ikipinda vile vibati vinang'oka meno. Unaining'iniza kichwa chini katikati ya kuta, halafu mmoja anaipindua kwa mti wenye panda. Kila inaposimama, papo hapo mbao ya kuishikia. Mjomba alikuwa mkali sana hapo; kenchi zisizofungwa hulaliana zote kwa upepo mmoja, na Oktoba mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Bati zilipokamilika, yule fundi wa kuta akapita na baiskeli, akasimama, akatazama kona zilivyonyooka. "Mnaona, wazee? Nyumba yangu imekaa mraba kabisa."

Mjomba akamrushia tepu.