Jinsi nilivyogeuza mayai ya bikira kwa miezi miwili

Niliambiwa na mtu anayejiita mjuzi: "Huyo hana dume, hatagi." Jike langu, kinyonga wa Yemeni ninayemwita Bi Taratibu, hakupata taarifa hiyo. Alipokaribia miezi minane aliacha kula, akawa anashuka chini ya tundu na kuparura sakafu usiku na mchana. Majike wa aina hii hutaga hata wasipomwona dume maishani, kama kuku tu.

Nikamwekea bakuli la mchanga, kina cha vidole vinne. Akaparura, kucha zikagonga plastiki, akaondoka. Kila nilipochungulia aliganda kama mwizi aliyemulikwa, na shimo akaliacha. Siku mbili hivyo. Nilipoona macho yameanza kuingia ndani nilitetemeka, maana mayai yakikwama huua, na hapo ni daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Ikabidi nitumie akili. Nikachukua ndoo, nikaijaza mchanga na udongo uliochanganywa, kina sentimita 30, unyevu wa kutosha ili ukitoboa kwa kidole kishimo kisibomoke. Kisha nikafunika tundu zima kwa shuka, nikaacha upenyo mdogo kama wa funguo. Ah! Alichimba kichwa mbele hadi mkia tu ukabaki nje, akageuka kinyumenyume, akataga usiku kucha. Asubuhi alikuwa anafukia, anashindilia kwa viganja vyake vile vya koleo, uso umejaa vumbi, mbavu zinahesabika. Mayai 41.

Hapo ndipo nilipojidhalilisha. Mjuzi yuleyule alisema niyageuze kila asubuhi kama afanyavyo kuku. Nikaweka hadi kengele ya simu. Miezi miwili nageuza, mayai yanageuka manjano, yanabonyea, yanaota ukungu. Kwanza hayakuwa na baba. Pili, hata yangekuwa naye ningeyaua: kiinitete cha kinyonga hujishika juu ya yai, ukiligeuza unakivuruga.

Mara ya pili nilimleta dume kwa saa chache, nikiwa pembeni. Siku zilizofuata jike akawa mweusi mwenye madoa ya buluu na manjano, akimzomea kila anayesogea, na dume nilishamrudisha kwake. Baada ya kama mwezi, ndoo, shuka, mayai 44. Safari hii kila yai nililiwekea nukta ya penseli juu kabla sijaliinua, nikalilaza vilevile kwenye vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, likiwa limezama nusu. Kopo lenye kifuniko, vitundu viwili vya sindano, nyuzijoto 27. Nikajifunga mikono.

Yalichukua miezi saba na kitu. Siku moja yakaanza kutoa jasho, kisha likachanika moja, pua ikachungulia, na mwenyewe akalala hapohapo mlangoni karibu siku nzima. Usimvute! Bado anamalizia kiini. Walitoka 29, kila mmoja si mrefu kuliko kidole, na wote wanataka nzi wa matunda sasa hivi.

Tangu hapo jike namlisha siku moja naacha moja, kalsiamu sikosi kuinyunyiza, na mzao uliofuata ulipungua. Inampa nafuu.

Mjuzi naye juzi ameniomba kinyonga jike. Nimemwambia aje na ndoo.